Kikaango Hakitembei

Mimi ni mtu wa hasira, sifichi. Karakanani wananiita Cheche, na si kwa sababu ya kuchomelea vyuma. Lakini mwaka huu hasira yangu imekosa pa kwenda, maana mtu ninayemkasirikia namkuta kwenye kioo kila nikinyoa ndevu.

Mdogo wangu haoni. Ni wa tumbo moja na mimi, na kazi ya vyuma nilimfundisha mwenyewe. Alikuwa na ugonjwa wa kupima: bomba analipima mara tatu ndipo alikate, na akishalikata analipima tena. Mafundi wakambandika jina la Futi, likamganda. Walimcheka, lakini mageti yetu yalikuwa yanafunga bila kusukumwa kwa bega, na sababu ni yeye.

Ilivyokuwa ni hivi. Tulikuwa na miwani ya kukingia cheche jozi mbili. Moja ikavunjika, nikasema nitanunua nyingine kesho, na kesho yangu ikachukua miezi minne. Kwa hiyo tukawa tunafanya kama karakana nyingi zinavyofanya: anayekata anavaa miwani, anayeshika bomba anageuza uso. Ndivyo nilivyofundishwa, ndivyo nilivyofundisha. Siku hiyo mimi nilikata, Futi akashika. Diski ya grenda ikapasuka, kipande kikamwingia jicho la kulia.

Mtasema, jicho moja, si ana jingine? Hapo ndipo penye aibu yangu. Jicho la kushoto la Futi halikuwahi kufanya kazi. Kwa nje lilikuwa zuri tu, lakini lilichojua ni kutofautisha dirisha na ukuta. Hakumwambia mtu. Utotoni aliogopa kuchekwa, ukubwani akaogopa kukosa kazi, na alidhani hata mimi sijui. Mimi nilijua tangu ana miaka tisa, siku niliyomrushia mpira kutoka kushoto ukampiga shavuni hata hakupepesa. Nikanyamaza. Niliona anavyohangaika kuficha, nikasema nimstahi.

Basi nilijua. Nilijua kwamba yule hawezi kugeuza uso wote kama wengine, lazima lile jicho zima libaki linachungulia alama ya chaki, la sivyo bomba litahama. Nikampa ashike, miwani nikavaa mimi.

Alipotoka hospitali na bandeji aliniambia, "Kaka, ajali haina kinga. Usijitese." Laiti angenitukana.

Nikamleta nyumbani kwangu. Nikamkatia nyama, nikamkorogea chai, nikamfunga vifungo vya shati. Kama angekubali ningemtafunia. Akisimama nasimama, akikohoa naleta maji. Mke wangu alivumilia wiki mbili, akaniambia, "Baba watoto, unamlea mtu wa miaka thelathini na nne kama yai. Hata yai huachwa litotoe." Nikamkaripia. Hana kosa, lakini nikamkaripia.

Hospitali ndiyo iliyotuletea Mwalimu. Mama wa makamo, fimbo nyeupe mkononi, mkoba begani, na yeye mwenyewe haoni, huu ni mwaka wa ishirini na mbili. Pale mlangoni nikataka kumshika mkono nimwongoze. Akaniuliza, "Baba, anayepotea hapa ni mimi au wewe?" Nikaurudisha mkono wangu mfukoni.

Alikuja kila Jumanne na Alhamisi. Siku ya kwanza hakufundisha zaidi ya kumimina maji. Ya baridi, unatundika ncha ya kidole ndani ya ukingo wa kikombe. Ya moto, unasikiliza, maana mlio unapanda kadiri kikombe kinavyojaa. Futi akalowesha meza nzima. Nikakimbilia kitambaa.

"Nani huyo?" Mwalimu akauliza.

"Ni mimi, nafuta."

"Aliyemwaga ni nani?"

"Ni Futi."

"Basi mpe kitambaa aliyemwaga."

Ikawa hivyo wiki baada ya wiki. Shati jeusi likatiwa fundo moja la uzi kwenye pindo, la bluu mafundo mawili. Sahani ikawa uso wa saa: wali kwenye sita, mboga kwenye tatu. Nilipojaribu kumwelekezea kijiko, Mwalimu alimgeukia Futi akamuuliza, "Huyu kaka yako ana mikono mingapi?"

"Miwili."

"Mbona naisikia kila mahali?"

Futi akacheka. Nilikuwa sijamsikia akicheka tangu ile siku, na nitasema ukweli wangu mchafu: kicheko kile kiliniuma. Kila alichojifunza, niliona kama kuna kitu nimenyang'anywa. Kumkatia nyama ndiko kulikonifanya nipate usingizi. Akijikatia mwenyewe, mimi nitajisafisha na nini?

Jikoni ndiko kulikokuwa na sheria kali. Kila kitu kilipewa kwao. Kisu droo ya juu, makali yakitazama ukutani. Chumvi kwenye chupa ndefu, sukari kwenye kopo fupi. Na kwenye meza ya jiko, upande wa kulia wa moto, pakaachwa patupu, upana wa shibiri mbili. Futi alipima mwenyewe, nani angemzuia. Pale walipaita uwanja. Akitoka kuchukua kitu, akirudi anaweka kiganja uwanjani kwanza, ndipo anajua moto uko wapi.

"Kitu cha asiyeona hakisogezwi kabla hajaambiwa," Mwalimu alituambia mimi na mke wangu. "Hata kama unaona unamsaidia."

Futi alikuwa na haraka yake. Kabla ya ajali alikuwa amepanga chumba mitaa miwili kutoka kwetu, na alikitaka. Mwenye nyumba, bibi mmoja anayeogopa moto kuliko Jehanamu yenyewe, alisema atamshikia mpaka Jumamosi, na kwa sharti moja: Mwalimu athibitishe kwamba anaweza kupika peke yake. Kwa hiyo wakapanga jaribio. Alhamisi asubuhi Futi apike bila mtu ndani ya nyumba, na saa nne Mwalimu aje ale alichopika.

"Bila mtu," Mwalimu akarudia, akiwa ameuelekeza uso wake kwangu sawasawa.

"Nimesikia," nikasema.

Alhamisi watoto wakaenda shule, mke wangu akaenda kazini. Mimi nikaaga kwa sauti, nikabamiza geti. Halafu nikavua viatu nje, nikazunguka mlango wa nyuma, nikaingia na soksi kama mwizi wa kuku. Nilijiambia nataka tu kuhakikisha. Jirani alikuwa anagongelea mabati, kwa hiyo hata ningekanyaga kijiko asingesikia.

Nikasimama kwenye pembe ya mlango nikamwangalia. Jamani, alikuwa anaweza. Aliosha viazi, akavimenya kwa kisu kidogo akipapasa kila kimoja kuona kama ganda limebaki. Akavichemsha, akavichuja kwenye sinki bila kupoteza hata kimoja. Akaweka kikaango, akapima mafuta kwa kijiko, akainamisha sikio kwenye moto, akaupunguza. Alikuwa anapiga mluzi. Ningekuwa mtu wa maana ningeondoka pale pale.

Akaenda sebuleni kuchukua mayai kwenye friji. Huko akakawia, nadhani trei ilikuwa nyuma ya vitu. Mafuta yakaanza kutoa moshi. Moshi mdogo tu, wa kawaida, ambao mke wangu asingeugeukia hata kichwa. Mimi nikaona nyumba inaungua na mdogo wangu ndani yake. Leo nikifikiri nazihesabu njia nilizokuwa nazo. Ningeweza kusema, "Futi, mafuta yanatoa moshi." Ningeweza kunyamaza, maana pua yake ingemwambia. Lakini nilijiona mimi ndiye macho yake. Nikanyata, nikakiinua kikaango, nikatafuta pa kukiweka. Patupu palikuwa mahali pamoja tu. Nikakitua uwanjani, juu ya kitambaa kisilie, nikarudi mlangoni nimeridhika na nafsi yangu.

Futi akarudi na mayai mawili mkono wa kushoto. Kiganja cha kulia kikaenda uwanjani.

Sitaueleza ule mlio. Mayai yakaanguka. Hakupiga kelele, alivuta pumzi tu kwa ndani kama mtu aliyemwagiwa maji ya barafu. Akapapasa bomba, akafungulia maji, akauweka mkono chini yake. Halafu kwa ule mkono mwingine akazima gesi, kama alivyofundishwa. Mimi nilikuwa hatua nne kutoka kwake, kiganja changu mdomoni.

Alipotulia kidogo akatafuta kikaango kwa mgongo wa mkono, polepole. Akakigusa pale kilipokuwa.

"Nimekitoa saa ngapi?" akajiuliza.

Hapo nilipaswa kusema. Neno moja lingetosha. Badala yake nikatoka kwa soksi zangu, nikavaa viatu, nikazunguka, nikafungua geti kwa kishindo na kuingia nikisema nimesahau funguo. "He, Futi, kuna nini?" Ndivyo nilivyosema. Nikamfunga mkono kwa upole mno.

Mwalimu alipofika alimhoji hatua kwa hatua. Futi akamwambia amekitoa mwenyewe akasahau.

"Unakumbuka mkono wako ukikishika?"

"Sikumbuki."

"Basi umejuaje kuwa ni wewe?"

"Nani mwingine, Mwalimu? Labda kile kipande cha diski kiligusa na ubongo."

Nilipomsindikiza getini alisimama, akaikunja fimbo yake na kuikunjua tena. "Baba, nimefundisha watu wengi. Wamejikata, wameungua, mmoja alikorogea uji sabuni ya unga. Lakini kikaango hakitembei."

"Sijui unasema nini, Mwalimu."

"Sawa," akasema, akaenda zake.

Ijumaa Futi alimwomba shemeji yake aende kwa yule bibi amwambie chumba ampe mtu mwingine. Mke wangu akasema yuko kazini mpaka jioni, atakwenda Jumamosi. Mchana nilipoleta sahani ya chakula, Futi akaisukuma kwangu kwa mkono mzima. "Kaka, nikatie."

Nikamkatia. Si ndicho nilichokuwa nakitaka? Nikamkatia vipande vidogovidogo, na kila kipande kilikuwa kinanikaba mimi. Halafu yakaanza maswali. "Kaka, hiki kikombe nilikiweka hapa mimi?" Ndiyo, uliweka wewe. "Hili shati nililivaa mwenyewe au ulinivisha?" Ulilivaa mwenyewe. "Mlango niliufunga?" Mtu aliyekuwa anapima bomba mara tatu sasa hakuamini kama amekaa kwenye kiti. Macho nilikuwa nimeyaondoa kwa uzembe. Sasa nilikuwa namwondolea akili, na akili ilikuwa nzima.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Mimi nilikuwa nimeficha siri mbili, ya kikaango na ya karakana, na usiku ule zilinikalia kifuani zote kwa pamoja.

Jumamosi asubuhi mke wangu akavaa viatu aende kwa yule bibi. Nikamwambia asubiri barazani. Nikamkuta Futi amekaa mezani, mkono wenye bandeji umelala mapajani.

"Futi, kikaango hukukitoa wewe."

"Achana na hayo, kaka."

"Nilikitoa mimi. Nilikuwepo. Nilirudi kwa mlango wa nyuma nimevua viatu. Niliona moshi nikakiweka uwanjani."

Nikadhani hajaelewa, nikaanza kurudia, akainua mkono.

"Nilipoungua ulikuwa wapi?"

"Mlangoni."

"Nilipouliza nimekitoa saa ngapi?"

"Mlangoni."

"Ukatoka nje. Ukaja na habari ya funguo."

"Ndiyo."

Nilimjua mdogo wangu miaka yote ile sijawahi kumwona amekasirika. Hasira za ukoo nilidhani nimezibeba zote mimi. Uso wake ulibadilika rangi, na alipozungumza sauti yake ilikuwa ndogo. "Ile ya karakana ilikuwa ajali. Sijakulaumu hata siku moja, na watu walipokulaumu niliwanyamazisha. Lakini tangu juzi mimi nakaa hapa najiona mwendawazimu, na wewe unanikatia nyama."

"Nisamehe, mdogo wangu."

"Sitaki kusikia hilo neno sasa hivi." Akasimama. "Viatu umevaa?"

"Nimevaa."

"Njoo jikoni. Vuta kiti, kaa karibu na mlango. Napika, na wewe usiinuke. Na uongee muda wote, nijue uko wapi. Ukinyamaza nitajua umeinuka."

"Niongee nini?"

"Chochote. Wewe si unapenda kuongea?"

Nikakaa. Akaanza upya kwa mkono wa kushoto, ule wa bandeji ukishikilia tu. Viazi vilimtoroka, kimoja kikaviringika mpaka mguuni kwangu. Nikakiangalia, sikukigusa. Nikamwambia, "Kimoja kiko kwenye kiatu changu cha kulia." Akaja, akainama, akafuata kiatu, akakiokota. Nikaongea habari ya bei ya mabomba. Nikaongea habari ya yule mteja wa geti la bluu ambaye sasa analitaka la kijani, na grili za dirisha zilizopinda tangu yeye aondoke, maana hakuna anayepima. Akawasha gesi, nikaona moto uko sentimita chache kutoka kwenye bandeji, na mdomo wangu ukaongea kwa kasi ya cherehani. Nikaongea habari ya mvua, ya mguu wangu, ya watoto. Maneno yakaanza kuniishia. Akageuza kichwa.

"Sikusikii."

"Nipo, nipo." Na kwa kuwa nilikuwa sina kingine, likatoka lile. "Nilijua kuhusu jicho lako la kushoto."

Kijiko cha mafuta kikasimama hewani.

"Ongea," akasema.

"Nilijua tangu una miaka tisa. Ule mpira niliokurushia ukakupiga shavuni. Sikukuambia kwa sababu ulikuwa unaficha."

Akamimina mafuta. Hakumwaga hata tone. "Na siku ile?"

"Nilijua siku ile pia. Nilijua huwezi kugeuza uso wote. Nilijua jicho ulilonalo ni moja na litabaki linaangalia alama. Miwani ilikuwa mkononi mwangu, Futi. Niliishika nikakuangalia, nikawaza nikupe, halafu nikawaza mkataji ndiye anayevaa, nikaivaa."

Sikio lake lilikuwa limeinamia kikaango. Akavunja yai la kwanza, ganda likadondokea ndani, akalitoa kwa ncha ya kidole na kujichoma kidogo. Akavunja la pili vizuri. Nikaona ukingo wa yai unageuka kahawia, nikashikilia kiti kwa mikono miwili.

"Linaungua," nikasema.

"Nalinusa."

Akazima gesi. Akaweka kiganja uwanjani, akapata sahani, akapakua yai, viazi, vyote, akavipanga kama saa. Akasikiliza mpaka akajua mke wangu yuko wapi.

"Shemeji," akaita kuelekea barazani. "Nenda kwa yule bibi, mwambie nahamia leo. Na ukipita kwa Mwalimu mwambie aje kunijaribu huko huko, bibi apate uthibitisho wake."

Tukasikia geti. Akavuta kiti, akakaa na sahani moja tu mbele yake, akaanza kula. Alikula taratibu, akitafuta kila kipande mwenyewe. Mimi nilikuwa nalia, na alijua vizuri, kwa sababu nilikuwa silii kimya.

"Siku ile karakanani," akasema kinywa kikiwa na chakula, "nilipokuwa nimelala chini, niliita jina lako. Ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa nimesimama pale pale. Nilikuwa naogopa kuvua miwani nikuangalie."

Akatafuna, akameza.

"Endelea," akasema. "Sijakuambia unyamaze."